Jora la Merikani



Ndani ya kasha la marehemu bibi yangu, kasha la msaji lenye njumu za shaba, palikuwa na kipande cha nguo ambacho weupe wake haukutimia, rangi yake mfano wa maziwa yaliyodondokewa na chai, nacho kilikunjwa mara nne na kutiwa vilua vikavu baina ya mikunjo. Sisi watoto tuliruhusiwa kukigusa mara moja kwa mwaka, siku za kuelekea Idi, kasha lilipofunguliwa na nguo kuanikwa uani. Nami nakumbuka hata leo uzi wake mnene ulivyokwaruza ncha za vidole, na jinsi kipande kile kilivyokuwa kizito kuliko ukubwa wake. Bibi alikirithi kwa mamaye. Aliita nguo ile merikani, na ukimwuliza sababu ya jina hilo alikujibu kwamba yatoka Merikani, kwa sauti ile ile aliyotumia kusema kuwa tende zatoka Basra, kisha akaendelea na kazi yake.

Nilikuwa mtu mzima nilipoijua safari ya nguo ile, na toka siku hiyo sijaweza kuitazama kwa macho ya utotoni.

Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Maskati, Edmund Roberts, mjumbe wa Serikali ya Marekani, alifunga mkataba wa urafiki na biashara na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akashuka Unguja kuwa balozi wa kwanza wa nchi yake. Salem ni bandari ndogo ya jimbo la Massachusetts, upande wa kaskazini wa Marekani, na katika miaka ile matajiri wake waliwatangulia Wazungu wengine wote katika forodha ya Unguja. Marikebu zao zilichukua pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Na zilichokileta, zaidi ya kitu kingine chochote, ni majora ya merikani. Wapagazi walitoka Bagamoyo na mitumba ya nguo hiyo mabegani, na huko bara, hata Tabora na Ujiji, merikani pamoja na ushanga na masango ndiyo iliyokuwa fedha: kwayo msafiri alilipa hongo kwa watemi, kwayo alinunua chakula, kwayo alinunua pembe, na kwayo, jambo ambalo ulimi wasita kulitamka lakini haki yataka litamkwe, alinunua watu.

Sasa ulizeni, pamba ya nguo hiyo ililimwa na nani? Ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani, Georgia, Alabama, Mississippi, Carolina ya Kusini na majirani zao. Ikapelekwa kaskazini kwenye vinu vya Massachusetts, ikasokotwa, ikafumwa, ikafungwa majora, ikapakiwa. Jasho la Mwafrika aliyechukuliwa utumwani kwa bahari moja lilirudi Afrika kwa bahari nyingine, limekunjwa ndani ya jora, likamnunue Mwafrika wa pili. Sisi wa pwani hii hatuwezi kulisimulia jambo hilo kama watu waliokaa kando, kwa maana mikarafuu yetu nayo ilipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka Juni 1873, katika utawala wa Sayyid Barghash.

Nimeitanguliza habari hiyo kwa sababu mazungumzo yangu ya leo ni juu ya wanawake wa Marekani waliopiga vita utumwa, na mji uliotuletea merikani ndio mji ule ule ambamo chama cha kwanza cha wanawake cha kupinga utumwa katika nchi ile kiliundwa. Kiliundwa Salem, tarehe 22 Februari 1832, na walioiunda jamii hiyo walikuwa wanawake weusi waungwana, yaani watu huru. Baada ya miaka miwili wanawake weupe wa mji walijiunga nao. Kwenye gati za mji huo majora yalipakiwa kwenda Unguja, na mwendo wa dakika chache kutoka hapo wanawake waliketi kuulizana iwapo nguo walizovaa zilikuwa halali kuvaliwa.

Yafaa tukumbuke hali yao. Mwanamke wa Marekani wa zama zile hakuwa na kura, awe mweupe au mweusi. Akiolewa, mali yake ilikuwa ya mumewe kwa sheria. Kusimama akahutubu mbele ya wanaume kulihesabiwa utovu wa haya, na mapadri wengi walihubiri hivyo mimbarini. Kwa hiyo walianza na vile vilivyokuwa mikononi mwao kila siku, na cha kwanza kilikuwa sindano. Walishona mikoba, aproni, mito ya pini na nguo za watoto, wakaziandika kwa uzi wa rangi maneno ya kuwakumbusha wanunuzi habari za mtumwa, wakaziuza katika masoko ya hisani. Soko la Boston, lililoanza mwaka 1834 na kusimamiwa na Maria Weston Chapman, lilifanyika kila mwaka karibu na Krismasi. Fedha zilizopatikana zililipia magazeti, wasemaji na nauli zao. Wanahistoria waliopenda kuandika habari za wahutubu hawakuzitilia maanani sana sindano hizo. Lakini pasipo mito ya pini wahutubu hao wangekwenda kwa miguu, na magazeti yao yasingepata karatasi.

Wako waliokwenda mbali zaidi wakakataa kabisa kununua sukari na pamba iliyotoka katika mashamba ya watumwa. Mmoja wao ni Lucretia Mott wa Philadelphia, wa madhehebu ya Marafiki ambao watu huwaita Quaker. Mumewe, James, alikuwa mfanyabiashara wa pamba mwenye faida nzuri. Karibu mwaka 1830 aliiacha pamba akageukia sufu, na nyumba ile ikakubali hasara hiyo pamoja. Huenda mtu akasema kuwa ratili chache za sukari zisizonunuliwa hazikumtia umaskini bwana shamba hata mmoja, nami nakiri kwamba ni kweli, mashamba hayakutetereka. Lakini wanawake wale walijizoeza kuuliza, mbele ya kila kitambaa na kila kijiko cha sukari, swali ambalo nchi nzima ilikuwa imejizoeza kutouliza, na aliyekwisha kulizoea swali hilo hakuwa rahisi kunyamazishwa.

Kitu cha pili walichoshika kilikuwa kalamu, na kwa kalamu wakaandika arzihali. Hapa nawaomba mnisikilize kwa utulivu, maana kazi hii haikuwa na fahari yoyote. Mwanamke hupewa karatasi iliyopigwa chapa maneno machache ya kuliomba Bunge la Marekani liondoe utumwa katika wilaya ya Washington, mji mkuu wa nchi. Hujitanda shali, akatia kidau cha wino mfukoni, akatoka katika baridi ya theluji, akaenda mlango hata mlango. Mlango mmoja hukaribishwa ndani aote moto. Mlango wa pili hutoka mume, akasema kuwa mkewe hana neno na mambo ya serikali. Mlango wa tatu humkuta mama akikanda unga, naye hujifuta mikono, akaishika kalamu kwa uzito wa mtu asiyeizoea, akaandika jina lake polepole, herufi kwa herufi. Karatasi ikijaa, nyingine hugandishwa chini yake kwa gundi, hata arzihali moja ikawa msokoto wa dhiraa nyingi. Kisha hupelekwa Washington, nako Washington walijua namna ya kuzipokea: Mei 1836 Baraza la Wawakilishi lilipitisha amri kwamba arzihali zote zinazohusu utumwa ziwekwe kando, zisisomwe wala kujadiliwa, na amri hiyo, kwa sura moja au nyingine, ilidumu mpaka Desemba 1844. Mzee John Quincy Adams, aliyepata kuwa Rais wa nchi na sasa alikuwa mjumbe tu wa Massachusetts, alisimama mara baada ya mara akiwa na misokoto hiyo mikononi, na wenzake walipoidharau kwa kuwa ni ya wanawake, alitetea kwa siku nyingi haki ya wanawake kuliomba bunge la nchi yao. Nao hawakuacha kuzunguka. Walivyozidi kukataliwa ndivyo majina yalivyozidi.

Sasa niwataje ndugu wawili wa Carolina ya Kusini, Sarah na Angelina Grimké, mabinti wa hakimu mkubwa wa Charleston aliyekuwa na watumwa wengi. Watoto hawa walikulia ndani ya utumwa, upande wa wenye watumwa; waliona mjeledi na machozi kwao, na wakubwa wao waliwafundisha kuwa ndivyo dunia ilivyo. Sarah alihama kwenda Philadelphia mwaka 1821, na mdogo wake akamfuata mwaka 1829. Mwaka 1836 Angelina aliandika risala kwa wanawake wa kusini, jamaa na rafiki zake mwenyewe, kuwasihi waupinge utumwa. Nakala zilizofika Charleston zikachomwa moto, na yeye akapelekewa habari kwamba asithubutu kuutia mguu mji aliozaliwa. Huko Philadelphia nako hawakukuta pepo. Katika nyumba ya ibada ya Marafiki, watu waliousema utumwa kuwa dhambi, Sarah Mapps Douglass, mwalimu mweusi, pamoja na mamaye walitengewa benchi lao peke yao ili wasikae na weupe. Ndugu wale wawili walikwenda wakaketi nao kwenye benchi hilo. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa maana vyama vingi vya wapinzani wa utumwa vilikuwa tayari kumfungua mtumwa wa mbali kabla havijawa tayari kuketi na jirani mweusi wa karibu, na wanawake weusi ndio waliolisema waziwazi.

Tarehe 21 Februari 1838 Angelina alisimama mbele ya kamati ya bunge la Massachusetts, mjini Boston, akileta arzihali za wanawake 20,000 wa jimbo hilo. Hakuna mwanamke aliyepata kabla yake kuhutubu mbele ya bunge lolote la Marekani. Miezi mitatu baadaye, tarehe 14 Mei, aliolewa Philadelphia na Theodore Weld, na keki ya harusi yao ilipikwa na mwokaji mweusi kwa sukari isiyotoka kwa mtumwa. Siku ile ile mjini humo lilifunguliwa jumba kubwa lililoitwa Pennsylvania Hall, lililojengwa kwa dola 40,000 hivi, michango ya watu waliokosa mahali pa kuusema utumwa, maana kumbi nyingine zilifungwa mbele yao.

Usiku wa tarehe 16 bibi harusi huyo wa siku mbili alipanda jukwaani. Nje walijaa watu wenye ghadhabu, wakipiga kelele na kuvurumisha mawe, na vioo vya madirisha vikawa vinavunjika na kuanguka juu ya sakafu huku yeye akisema. Alisema zaidi ya saa nzima. Kila kelele zilipopanda aliziingiza katika hotuba yake, akiwauliza waliomsikiliza kwamba ikiwa wao waogopa sauti za dirishani usiku mmoja, mtumwa ahimili nini maisha yake yote. Baada yake alisimama mwalimu kijana aitwaye Abby Kelley, ambaye hakuwa amepata kusema mbele ya mchanganyiko wa wanaume na wanawake, akasema maneno yake. Kisha wanawake wale, weusi kwa weupe, walishikana mikono wakatoka wawili wawili kupita katikati ya ghasia. Siku ya pili yake waliombwa wawazuie wanawake weusi wasihudhurie, ili hasira za mji zitulie, wakakataa. Jioni meya alichukua funguo, akafunga jumba, akawaambia watu waende nyumbani, naye akaenda zake. Watu hawakwenda. Walivunja milango, wakakusanya vitabu na viti, wakatia moto, na wazima moto walipofika walimwagia maji nyumba za jirani wakaliacha jumba liungue. Lilikuwa limetimiza siku tatu. Asubuhi wanawake walikusanyika katika chumba cha shule cha Sarah Pugh, mwenzao, wakaendelea na ajenda walipoachia.

Mwaka 1840 una habari ambayo sisi wa pwani hii tuna fungu ndani yake. Mwisho wa Aprili mwaka huo marikebu ya Sayyid Said, jina lake Sultana, ilitia nanga New York chini ya Sheikh Ahmad bin Naaman, na watu wa mji wakamiminika gatini kuwatazama mabaharia wetu. Ilichukua karafuu, pembe, tende, kahawa na ngozi, na iliporudi Agosti ilikuwa imepakia, pamoja na mengine, mitumba ya merikani. Ikiwa bado bandarini, tarehe 12 Mei, wapinzani wa utumwa wa Marekani nzima walifanya mkutano wao wa mwaka katika mji huo huo, na mkutano ukapasuka vipande viwili kwa sababu ya mtu mmoja: Abby Kelley, yule yule wa Philadelphia, alitajwa kuingia katika kamati ya mkutano. Walipiga kura, 557 wakamkubali na 451 wakamkataa, na waliomkataa wakatoka kwenda kuunda chama chao. Sina habari kama kuna baharia wa Sultana aliyepita mbele ya mlango wa mkutano ule; walakini kila nikikumbuka kwamba jahazi letu lilikuwa likingoja merikani wakati mwanamke yule alipokuwa akipigiwa kura, moyo wangu hushtuka.

Mwezi uliofuata, London, mkutano wa dunia wa kupinga utumwa uliwakataza wajumbe wanawake kuketi na wajumbe wenzao, Lucretia Mott miongoni mwao, wakawekwa kando wasikilize tu. Kijana mmoja mweusi wa Salem, Charles Lenox Remond, ambaye nauli yake ililipwa na vyama vya akina mama na mabinti, alikataa kiti chake cha ujumbe akakaa pamoja na wanawake. Alijua kimemvusha nini bahari.

Dada yake kijana huyo ndiye nimpendaye zaidi katika habari hii yote, nanyi mniwie radhi nikikaa kwake. Sarah Parker Remond alizaliwa Salem mwaka 1826, katika nyumba ya mwandaaji wa karamu aliyetoka Curaçao. Alipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi alifukuzwa katika shule ya wasichana kwa rangi yake, na wazazi wake wakahama mji kwa miaka kadhaa ili watoto wasome. Mwaka 1853 alinunua tikiti ya tamasha ya kuimba katika jumba moja la Boston. Alipofika akaamriwa akae kwenye sehemu ya weusi, akakataa, akasukumwa ngazini hata akaumia. Alikwenda mahakamani, akashinda, akalipwa dola 500. Mwishoni mwa 1858 alipanda meli kwenda Uingereza, na Septemba 1859 alisimama Manchester, mji ulioishi kwa pamba ya watumwa, mbele ya watu ambao wengi wao mkate wao ulitoka vinuni. Hakuwatukana wala hakuwabembeleza. Aliwaambia kwamba ayaonapo magari yaliyosheheni pamba yakipita katika njia zao, huyakumbuka mashamba ilikotoka, na kwamba katika mamilioni ya thamani yake hakuna hata senti moja iliyomfikia aliyeilima. Alikuwa mtoto wa Salem, na pamba aliijua tokea gatini.

Wengine mnawajua zaidi. Harriet Tubman, aliyetoroka Maryland mwaka 1849 kisha akarudi mara kwa mara gizani kuwatoa jamaa zake, na Juni 1863 akaliongoza jeshi kuupanda mto Combahee ambako watu zaidi ya 700 walipata uhuru kwa usiku mmoja. Na Sojourner Truth, asiyejua kusoma, ambaye mwaka 1828 alimrudisha kwa hukumu ya mahakama mwanawe aliyeuzwa Alabama. Kila mmoja wao adai jioni yake peke yake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861 bandari za kusini zilifungwa, vinu vya Manchester vikanyamaza, na huku kwetu merikani ikaadimika, bei yake ikapanda, nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikashika nafasi. Watu waliokuwa watumwa vita vilipoanza walikaribia milioni 4. Mei 1863 wanawake walirudia kazi yao ya zamani ya mlango hata mlango, safari hii kuomba utumwa ufutwe katika katiba yenyewe, na tarehe 9 Februari 1864 wanaume wawili weusi, warefu wa kimo, waliingia katika Seneti wakiwa wamebeba misokoto ya karatasi, wakaitua juu ya meza ya Seneta Charles Sumner. Ilikuwa na majina 100,000, na hesabu ilipokoma yalikaribia 400,000. Desemba 1865 badiliko la katiba lilitimia.

Misokoto ya arzihali za wanawake wale, mingi ya ile iliyowekwa kando isisomwe, yahifadhiwa hata leo katika nyaraka za taifa mjini Washington, na majina yasomeka: hili limeandikwa kwa mkono wa mtu aliyezoea barua, hili kwa mkono uliotetemeka, hili limekwaruzwa wino ukimalizika. Bibi yangu alipofariki, kipande cha merikani kiliniangukia mimi. Nimekitazama pande zote mbili, kwenye pindo na kwenye mshono, nacho hakina jina la mtu.